Umbo Lisilojua Kunyamaza: Kuisoma Modeli ya Kelch13 kutoka Kigali

Ukifungua modeli ya protini ya Kelch13 kwenye hifadhidata ya AlphaFold, mashine ya kutabiri maumbo ya protini, jicho linakimbilia kwenye propela. Mapanga sita ya buluu iliyokoza yamepangwa kuuzunguka mhimili mmoja, tepe zake zimelala sambamba, na ulinganifu wake unapendeza kiasi cha kumfanya mtazamaji aamini kwamba anatazama kitu kilichopigwa picha. Pembeni yake unaning'inia uzi mrefu wa rangi ya machungwa na njano. Hauna umbo. Unajizungusha kwenye nafasi tupu kama uzi wa sweta iliyofumuka, na wanaoandaa slaidi huwa wepesi wa kuukata ili picha ikae vizuri kwenye ukurasa.

Msimamo wangu ni kwamba uzi huo usikatwe. Ndiyo sehemu ya modeli inayojieleza kwa uwazi zaidi, na propela ile nzuri ndiyo inayotaka msomaji mkaidi.

Kelch13 ina uzito wa pekee Kigali. Mwaka 2020 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti ulioongozwa na Aline Uwimana wa Rwanda Biomedical Centre, ukionyesha kwamba vimelea vya Plasmodium falciparum vyenye badiliko la R561H kwenye Kelch13 vilikuwa vimezuka na kuenea Rwanda. Sampuli zilikuwa za 2014 na 2015. Masaka, wilayani Kicukiro, ndani ya Jiji la Kigali, badiliko hilo lilikutwa kwa wagonjwa 19 kati ya 257, yaani asilimia 7.4. Uchambuzi wa jeni ulionyesha kuwa ukoo huo ulizaliwa hapahapa, haukusafiri kutoka Asia ya Kusini-Mashariki ambako badiliko lilelile lilikwisha kuonekana. Wakati huo dawa mseto ya artemether na lumefantrine, ambayo Rwanda iliifanya tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2006, ilikuwa bado inaponya vizuri. Lakini mwaka 2021 matokeo mengine kutoka Rwanda, katika Lancet Infectious Diseases, yalihusisha mabadiliko ya Kelch13 na vimelea kuchelewa kutoka kwenye damu. Mwanafunzi wa bioinformatiki wa Kigali anayetaka kubuni dawa mpya ana kila sababu ya kuanzia kwenye ukurasa huu wa propela. Swali ni anausomaje.

Tuanze na utepe wenyewe. Hakuna utepe ndani ya protini. Kuna atomi, na uchorwaji wa protini kwa tepe ni mtindo uliosimikwa na Jane Richardson, mwanasayansi wa Marekani aliyezichora kwa mkono na kuzichapisha mwaka 1981. Lilikuwa wazo la kipaji: futa kila kitu isipokuwa njia inayofuatwa na uti wa mgongo wa mnyororo, na msomaji ataona mara moja mikunjo inayozitofautisha familia za protini. Kwa kazi hiyo mtindo haujapata mpinzani. Shida inaanza pale picha iliyobuniwa kwa ajili ya kulinganisha familia inapopewa mbunifu wa dawa. Dawa haishiki uti wa mgongo peke yake. Kwa sehemu kubwa inashikana na minyororo ya pembeni, yale matawi ya atomi yanayochomoza kutoka kwenye kila asidi ya amino na kuzikuta kuta za mfuko ambamo molekuli ndogo hukaa. Mtindo wa tepe huyafuta matawi hayo yote. Anayetazama propela ya buluu kwa nia ya kubuni dawa anatazama picha iliyoondoa kile anachokitafuta.

Rangi nayo ina sarufi yake. Buluu iliyokoza ni alama ya juu ya 90 kwenye kipimo kiitwacho pLDDT, buluu hafifu ni kati ya 70 na 90, njano ni kati ya 50 na 70, machungwa ni chini ya 50. Wengi husoma rangi hizi kama alama za mtihani uliosahihishwa na mwalimu wa nje. Sivyo. pLDDT ni makadirio ya mashine yenyewe kuhusu jinsi umbali kati ya atomi za jirani ungelingana na muundo uliopimwa maabara, kama ungepimwa. Tena katika AlphaFold2 makadirio hayo yamefungwa kwenye atomi moja ya kaboni ya uti wa mgongo kwa kila asidi ya amino. Rangi inayofunika eneo zima la mfuko inazungumzia mahali uti wa mgongo ulipo. Kuhusu tawi la pembeni linaloelekea kwenye dawa, linaelekea kulia au kushoto, rangi inatoa dokezo tu.

Ningeacha hapo kama takwimu zisingedai zaidi. Mwaka 2024 Thomas Terwilliger na wenzake walilinganisha utabiri wa AlphaFold na data za kristali katika Nature Methods. Waligundua kuwa hata pale mashine inapojiamini kabisa, makosa yake ni takriban mara mbili ya yale ya miundo mizuri iliyopimwa, na karibu asilimia 10 ya utabiri wenye kujiamini kwa kiwango cha juu una makosa makubwa ya kuuondoa kwenye kazi ya ubunifu wa dawa. Asilimia 10 inaonekana ndogo hadi ukumbuke kwamba mfuko mmoja wa dawa unaweza kuzungukwa na asidi za amino ishirini.

Sasa tushuke kwenye faili lenyewe, kwa sababu hapo ndipo mtindo unasomeka vizuri zaidi kuliko kwenye picha. Faili la muundo wa protini, likiwa katika umbizo la zamani la PDB, ni safu ndefu ya mistari, mstari mmoja kwa kila atomi. Mstari unataja jina la atomi, asidi ya amino, herufi ya mnyororo, namba ya nafasi, halafu tarakimu tatu za mahali ilipo: upana, kimo, kina. Kila tarakimu imeandikwa hadi desimali tatu, yaani hadi sehemu ya elfu ya angstromu, na angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita. Desimali hizo tatu ni desturi ya umbizo tu. Atomi iliyomo katikati ya propela, ambayo mashine ina hakika nayo, imeandikwa kwa desimali tatu. Atomi ya kwenye uzi wa machungwa, ambayo mashine yenyewe inakiri kwamba haijui iko wapi, imeandikwa pia kwa desimali tatu. Programu itakayolisoma faili hili baadaye, ya kupachika dawa au ya kuigiza mtikisiko wa atomi, itazichukua tarakimu zote kwa heshima sawa isipokuwa mtu aiambie vinginevyo.

Ukisonga kulia zaidi kwenye mstari huohuo unakuta safu ambayo wataalamu wa kristali waliitenga kwa kipimo cha B, kinachoeleza jinsi atomi inavyotikisika au kutoeleweka ndani ya kristali. B ikiwa juu, atomi haiaminiki sana. AlphaFold imeweka pLDDT kwenye safu hiyohiyo, na pLDDT ikiwa juu, atomi inaaminika zaidi. Maana imegeuzwa juu chini ndani ya nafasi ileile ya mstari. Programu ya kuchora iliyozoea B italipaka eneo bora rangi ya eneo bovu, na programu ya kusafisha miundo inayofuta atomi zenye B kubwa inaweza kuifuta propela na kuubakiza uzi. Natamani walioiweka pLDDT hapo wangeipa safu yake yenyewe.

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote haionekani kwa kusoma faili moja. Inaonekana ukiweka mawili kando kwa kando. Muundo wa kristali wa Kelch13 ulipatikana kwa eksirei na kuwekwa wazi mwaka 2015. Protini nzima ina asidi za amino 726, lakini kristali inaanza karibu na nafasi ya 340, pale kipande kiitwacho BTB kinapoanza, na kuendelea hadi mwisho wa propela. Kilicho kabla ya hapo hakimo. Desturi ya faili za kristali ni kwamba pale wingu la elektroni lisipoonekana, atomi haziandikwi, na sehemu ya juu ya faili huwa na orodha ya asidi za amino zilizokosekana. Pengo limetangazwa. Msomaji anajua mtafiti alifika wapi na alikwama wapi.

Modeli ya AlphaFold haina pengo. Inaanza na asidi ya amino namba 1 na kumaliza na namba 726, kila atomi na mahali pake. Mashine imeagizwa kutoa jibu kwa kila herufi, na imetii. Umbo lake halina namna ya kunyamaza. Uzi wa machungwa ndio kitu pekee kinachokaribia kunyamaza: mashine, ikiwa haina la kusema, inatawanya atomi hewani kwa namna ambayo hakuna protini halisi ingekaa, na kuzipaka rangi ya onyo. Ubovu wa umbo hapo ni taarifa. Kwa hiyo anayeukata uzi kwa ajili ya uzuri wa slaidi amefuta ungamo la mashine na kuubakiza ufasaha wake.

Na ufasaha wa propela unatoka wapi? AlphaFold2 ilifundishwa kwa miundo iliyokuwamo kwenye hifadhi ya dunia ya protini hadi Aprili 2018. Kristali ya Kelch13 ilikuwamo tayari. Ile buluu iliyokoza, basi, huenda kwa kiasi kikubwa ni kumbukumbu. Propela inayotuvutia kwenye modeli hii iko ndani ya kile ambacho maabara zilikwisha kukipima. Hilo halishushi thamani ya AlphaFold, iliyowapa Demis Hassabis na John Jumper nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2024. Zipo protini nyingi ambazo hazikuwa na kristali na modeli zake zikathibitika baadaye. Lakini mtu wa Kigali anayeitumia Kelch13 kama ushahidi kwamba AlphaFold inaaminika kwa protini za vimelea amechagua mfano ambao hauwezi kulibeba dai hilo.

Kuna kitu chini ya picha ambacho watu hukipita. Ni mchoro wa mraba wa rangi ya kijani uitwao PAE, wenye namba za asidi za amino kwenye pande zote mbili. Unajibu swali ambalo rangi za utepe haziligusi: ukiishikilia asidi hii mahali pake, unatarajia ile nyingine iwe imepotea kwa angstromu ngapi? Kijani kilichokoza ni kosa dogo. Ukiona miraba miwili iliyokoza kwenye ulalo, na weupe kati yake, maana yake mashine inajua umbo la kila kipande lakini haijui vipande viwili vimekaaje kimoja kwa kingine. Kwenye picha ya utepe vipande hivyo vitaonekana vimepakana vizuri kabisa, vyote vya buluu, na katikati yao huenda kukaonekana mfuko unaovutia. Mfuko huo haupo. Umezaliwa na ulazima wa kuviweka vipande mahali fulani. Nadhani huu ndio mtego mbaya kuliko yote katika aina hii ya maandishi, kwa kuwa rangi ya kujiamini iko pande zote mbili za uwongo. Kwa Kelch13 mahali pa kuangalia ni pale kipande cha kujisokota, kilicho kati ya uzi na BTB, kinapoelekeana na propela. Kumbuka pia kwamba modeli hii inaonyesha mnyororo mmoja, ilhali BTB ni kipande ambacho katika protini nyingi kazi yake ni kuziunganisha mbili mbili. Uso wa BTB unaoonekana wazi na unaotamanika kwa dawa unaweza kuwa ndani ya kimelea umefunikwa na pacha wake.

Turudi Masaka, kwenye herufi moja iliyobadilika. R561H inasema kwamba kwenye nafasi ya 561 arginini imeondoka na histidini imeingia. Mpe AlphaFold2 mfuatano wenye histidini na usitarajie zaidi ya propela ileile, buluu ileile, mapanga sita yaleyale. Waliotengeneza chombo hiki wanasema wazi kwamba hakikuthibitishwa kwa kazi ya kutabiri athari za badiliko la herufi moja. Sababu inaeleweka: mashine inajifunza kutokana na maelfu ya mifuatano ya ndugu wa protini, na herufi moja kati ya 726 haitoshi kuusogeza wastani huo. Lakini kwa mgonjwa ambaye vimelea vyake vinachelewa kufa, herufi hiyo ndiyo habari yote. Katika utafiti wa 2020 iliingizwa kwa uhariri wa jeni kwenye vimelea vya maabara, na vikawa sugu kwa artemisinini, familia ya dawa ambamo artemether imo. Picha mbili zinazofanana zimesimama mbele ya vimelea viwili visivyofanana. Msomaji anayepima uaminifu wa modeli kwa buluu yake hatapata hapa dalili yoyote kwamba kuna jambo.

Hata hivyo nakiri kwamba kuna swali lililo nyuma ya hilo na zito zaidi: propela hii ni mlango wa dawa kweli? Artemisinini haifanyi kazi kwa kukaa kwenye mfuko wa Kelch13. Inaamshwa na hemu, inayotoka kwenye himoglobini ambayo kimelea kimeimeza na kuimeng'enya, na ikishaamka inaunguza protini nyingi kwa wakati mmoja. Mwaka 2020 kundi la Hamburg la Tobias Spielmann lilionyesha katika Science kwamba Kelch13 inahusika na umezaji huo wa himoglobini. Protini ikipungua, kimelea kinameza kidogo, hemu inapungua, na dawa haiamshwi vya kutosha. Kwa maelezo hayo usugu ni suala la kiasi cha protini na uimara wake zaidi kuliko la umbo la mfuko. Picha inaweza kuwa sahihi kila atomi na bado ikajibu swali ambalo ugonjwa haukuuliza. Hakuna kiwango cha pLDDT kinachopima hilo.

Kuna mfano wa malaria uliokwenda njia nyingine, na naupenda kwa sababu unaonyesha kiwango cha undani kinachotakiwa. Kimeng'enya kiitwacho DHFR ndicho kinacholengwa na pyrimethamini, nusu ya dawa ya SP ambayo sehemu kubwa ya Afrika Mashariki iliitegemea kabla ya dawa mseto. Mwaka 2003 kundi la Yongyuth Yuthavong wa Thailand lilichapisha muundo wake wa kristali, na usugu ukawa kitu cha kuonekana kwa macho. Kwenye nafasi ya 108, serini imekuwa asparajini. Asparajini ina tawi refu kidogo. Tawi hilo linagongana na pete ya pyrimethamini yenye klorini, na dawa haikai tena. Hakuna panga lililohama wala utepe uliopinda. Mgongano ni wa urefu wa atomi mbili hivi, na ulitosha kuiangusha dawa iliyotumiwa na mamilioni ya watu. Kutokana na kristali hizo watafiti walibuni P218, molekuli yenye kiungo kinacholegea ambacho kinaukwepa mgongano huo na kubaki ndani ya nafasi ambayo kimeng'enya hakiwezi kuiziba bila kujinyima chakula chake. Hiyo ndiyo lugha ya ubunifu wa dawa: atomi mbili, kiungo kimoja, upande wa kugeukia. Kwenye modeli iliyotabiriwa, undani huo ndio wa kwanza kupotea.

Kigali iliwahi kuwa mwenyeji wa mjadala huu kwa namna ya moja kwa moja. Mei 2023 mkutano wa ICLR, mmojawapo wa mikutano mikuu ya dunia ya kujifunza kwa mashine, ulifanyika Kigali Convention Centre. Miongoni mwa kazi zilizowasilishwa ilikuwemo DiffDock, ya Gabriele Corso na wenzake wa MIT, programu inayotabiri dawa itakaaje ndani ya protini. Muhtasari wake unastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu una namba mbili ambazo watu hawaziweki pamoja. Kwa protini zenye muundo uliopimwa, jibu la kwanza la DiffDock lilikuwa ndani ya angstromu 2 za mahali sahihi kwa asilimia 38. Kwa protini ambazo muundo wake umekunjwa na kompyuta, ilishuka hadi asilimia 21.7. Waandishi walijivunia 21.7, na kwa haki, kwa kuwa mbinu zilizotangulia hazikuvuka 10.4. Lakini mimi naisoma sentensi hiyo kama kipimo cha bei ya utabiri: dawa zilezile, programu ileile, na karibu nusu ya mafanikio imepotea kwa sababu ya kubadilisha chanzo cha protini. Na hata asilimia 38 ilipatikana kwenye miundo iliyopimwa dawa ikiwa ndani, mfuko umekwisha kufunguka kumpokea mgeni wake. Baadaye Martin Buttenschoen, Garrett Morris na Charlotte Deane wa Oxford walitengeneza jaribio liitwalo PoseBusters, wakaonyesha kwamba programu za aina hii mara nyingi hutoa mikao ambayo fizikia inaikataa: atomi zinazoingiliana, pete zilizopinda. Mkao unaweza kuwa ndani ya angstromu 2 na bado usiwezekane duniani.

Haki inanitaka niweke upande wa pili. Mwaka huohuo wa 2023 Masha Karelina, Joseph Noh na Ron Dror wa Stanford walionyesha kwamba modeli za AlphaFold za vipokezi vya seli zina mifuko inayokaribia sana ile iliyopimwa, na bado mikao ya dawa iliyotabiriwa ndani yake si bora sana kuliko ya modeli za kizamani. Lakini mwaka 2024 Jiankun Lyu na wenzake waliripoti katika Science kwamba walipochuja maktaba kubwa za molekuli dhidi ya vipokezi viwili, sigma-2 na 5-HT2A, modeli za AlphaFold ziliwapa molekuli zinazofanya kazi kwa kiwango kinachofanana na cha miundo iliyopimwa. Sioni kwamba matokeo haya yanapingana. Kuchagua molekuli za kununua na kujaribu kutoka kwenye rundo kubwa ni swali moja, na modeli inaweza kulisaidia hata ikiwa na makosa. Kuamua mahali pa kuongeza atomi moja kwenye molekuli uliyo nayo ni swali jingine, na hapo kosa la angstromu moja ni kosa la kazi nzima. Uaminifu wa modeli hauwezi kutajwa bila kutaja ni swali lipi kati ya haya linaloulizwa.

Mfumo uliofuata umelifanya suala la kunyamaza kuwa gumu zaidi. AlphaFold 3, ya Mei 2024, inajenga muundo kwa kusafisha ukungu wa atomi hatua kwa hatua, na inakubali dawa na protini kwa pamoja. Waandishi wake walieleza tatizo waliloliona: pale ambapo mnyororo hauna umbo, mfumo huu ulikuwa na tabia ya kubuni mikunjo iliyoshikana, inayofanana na protini halisi. Ule uzi wa machungwa ulitoweka na mahali pake pakaja umbo zuri la uongo. Walilazimika kuongeza matokeo ya mfumo wa zamani kwenye mafunzo yake ili ujifunze kuchora uzi. Walieleza pia kwamba katika jaribio la PoseBusters asilimia 4.4 ya matokeo yalikosea mkono wa molekuli, kulia ikawa kushoto, kosa ambalo kwa mwili wa binadamu linaweza kuifanya dawa kuwa kitu kingine. Nawaheshimu kwa kuyaandika. Ni ushahidi bora kuliko wowote nilioutaja kwamba ubaya wa umbo ulikuwa ukifanya kazi ya maana.

Rwanda ilikuwa ndani ya dharura wakati chombo hicho kinafunguliwa. Mlipuko wa Marburg ulitangazwa Septemba 27, 2024 na kumalizika rasmi Desemba 20, ukiwa na wagonjwa 66 waliothibitishwa na vifo 15. Msimbo wa AlphaFold 3 uliachiwa kwa watafiti wa vyuo Novemba, katikati ya kipindi hicho. Hifadhidata kubwa ya 2022, yenye miundo zaidi ya milioni 200, ilikuwa imeziacha nje protini za virusi, kwa hiyo aliyetaka protini za Marburg alipaswa kuzitabiri mwenyewe. Wagonjwa wa Kigali walipewa remdesivir na kingamwili ya MBP091, dawa zilizokwisha kuwepo na kupimwa kwa njia nyingine. Sitaki picha ya haraka ya buluu ije iingie kwenye nafasi ya aina hiyo siku moja kwa sababu tu ilikuwa inapendeza, na Kigali, ambako Wakala wa Dawa wa Afrika umeweka makao yake, ni mahali pazuri pa kuanza kulidai jambo hili kwa maandishi.

Ningependa modeli ionekane hivi katika tasnifu au ombi la fedha linaloandikwa Kigali: utepe ukiwa umezimwa katika eneo la mfuko na matawi ya pembeni yakionekana, kila tawi na pLDDT yake, mchoro wa PAE kando, ukubwa sawa na picha, si kwenye kiambatisho, uzi wa machungwa ukiwa mahali pake, tarehe ya kristali ya karibu zaidi iliyokuwamo kwenye mafunzo ya mashine, toleo la modeli. Na kwa R561H ningetaka kitu kimoja zaidi ambacho hakuna picha inayokitoa, nacho ni kiasi cha Kelch13 kilichopimwa ndani ya vimelea vyenye histidini, kikilinganishwa na vile vyenye arginini, kama kundi la Hamburg lilivyofanya kwa badiliko la C580Y. Kipimo hicho kinahitaji vimelea hai, damu, jokofu na mtu wa kukaa navyo kwa wiki kadhaa. Kikipungua kwa R561H kama kilivyopungua kwa C580Y, juhudi za kutafuta molekuli ya kukaa kwenye propela zielekezwe kwenye umezaji wa himoglobini. Kisipopungua, propela inastahili kufunguliwa upya, tawi kwa tawi, kuanzia nafasi ya 561.